UZI: Viti 21 vya Buganda mwaka 1962, na kura ambayo mwananchi hakuipiga

Mpakani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kwenye mjadala wa Uganda mchangiaji mmoja alisema Milton Obote alipewa uwaziri mkuu na Mwingereza. Mwingine akambishia kwamba alichaguliwa na wananchi. Hoja zote mbili zimeruka jambo ambalo kwangu ndilo lililoamua nani aongoze nchi ile siku ya uhuru: viti 21 vya Buganda bungeni, ambavyo hakuna mwananchi wa kawaida hata mmoja aliyevipigia kura.

Naomba nieleze polepole. Nitasema Baganda (mmoja wao Muganda) kwa watu wa ufalme wa Buganda, na Waganda kwa raia wa nchi nzima, tusije tukachanganyana.

Tarehe 25 Aprili 1962 Waganda wa nje ya Buganda walikwenda vituoni kuchagua wabunge. Chama cha UPC cha Obote kikapata viti 37, chama cha DP cha Benedicto Kiwanuka kikapata 24. Kiwanuka wakati huo ndiye alikuwa waziri mkuu wa serikali ya madaraka ya ndani. Viti vyote vya majimbo nchini vilikuwa 82, kwa hiyo ili uunde serikali ulihitaji 42. UPC haikufika. Hakuna aliyefika.

Viti 21 vilivyobaki vilikuwa vya Buganda, na huko hakukuwa na sanduku la kumchagua mbunge. Miezi miwili nyuma, Februari, watu walikuwa wamechagua wajumbe wa Lukiiko, yaani baraza la ufalme lililokaa Mengo. Chama cha Kabaka Yekka, maana yake "Kabaka peke yake" (Kabaka ndiye mfalme wa Buganda), kilichukua viti 65 kati ya 68 vilivyogombewa. Kisha Lukiiko hiyo ndiyo ikakaa na kuwachagua wabunge 21. Wote 21 wakawa wa Kabaka Yekka. Wakaungana na UPC, 37 na 21 ni 58, Obote akawa waziri mkuu.

Sasa mtazame mkulima wa kahawa wa Buganda. Mwezi Februari ameulizwa swali moja: uko na Kabaka au hauko naye? Amejibu kwa moyo wake wote. Mwezi Aprili jibu lake hilohilo limetumika kumwondoa Kiwanuka, Muganda mwenzake mzaliwa wa Masaka, na kumweka Obote wa Lango, kaskazini. Inawezekana alitaka hivyo. Inawezekana hakutaka. Hakuna aliyemuuliza, na hilo ndilo linaloniuma kila nikisoma habari hizi.

Huu ndio uchaguzi usio wa moja kwa moja. Wewe unamchagua mtu, mtu huyo anakwenda kumchagua mwingine, na huyo mwingine ndiye anayekuamulia. Naendelea kesho na historia yake, maana mwaka 1962 haukushuka kutoka mbinguni.

Kinyerezi65

Mkuu, nakusoma. Ila hapo usiwaonee Mengo, yaani serikali ya Kabaka. Mfumo wa kura za ngazi aliuleta mkoloni mwenyewe, na aliupenda kwa sababu ni rahisi kuushika. Watu laki kadhaa huwezi kuwaweka mfukoni, lakini wajumbe 60 waliokaa ukumbi mmoja na machifu wanaolipwa mshahara na serikali unaweza. Ilikuwa hivyo karibu makoloni yote.

Mpakani

Kinyerezi65, nakubaliana nawe nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo imenifanya nianzishe uzi.

Nianze na nusu yako. Baraza la Kutunga Sheria la Uganda lilianza 1921, na miaka zaidi ya ishirini halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Mwaka 1945 wakaingizwa watatu, na wote walikuwa maofisa wakuu wa tawala za wenyeji: Katikkiro (waziri mkuu) wa Buganda, Katikiro wa ufalme jirani wa Bunyoro na Katibu Mkuu wa Busoga. Gavana aliona akiwa na hao amekwisha sikia sauti ya Waafrika.

Mwaka huohuo wa 1945, na tena 1949, Buganda iliwaka moto. Mwaka 1949 watu walikwenda mpaka kwa Kabaka kudai, pamoja na mambo ya bei ya pamba, haki ya kuwachagua machifu wao. Jibu la serikali likawa kupanua Lukiiko kidogokidogo. Kufikia 1953 wajumbe 60 kati ya 89 walikuwa wa kuchaguliwa. Lakini walichaguliwaje? Kwa kupanda ngazi. Mwananchi alianzia kwenye muluka (kata ndogo), huko wakapatikana watu wa kwenda gombolola (tarafa), gombolola ikapeleka watu kwenye saza (kaunti), na saza ndiyo ikatoa wajumbe watatu wa Lukiiko. Masaza yalikuwa 20, mara tatu ndiyo hao 60. Pembeni yao walikaa machifu 20 wa masaza, watu 6 wa kuteuliwa na Kabaka na mawaziri 3.

Hebu fikiria umbali huo. Mtu anakaa kijijini Mawokota, malalamiko yake ni bei ya pamba. Mpaka yafike Mengo yamepita mikono mitatu, na kila mkono una mwenye cheo pembeni anayeangalia nani ananyoosha kidole.

Halafu juu ya hapo pakaongezwa ngazi nyingine. Mkataba wa Buganda wa 1955, uliomrudisha Kabaka Mutesa II kutoka uhamishoni, ulisema wajumbe watano wa Buganda katika Baraza la Kutunga Sheria watapatikana kupitia Lukiiko. Yaani ngazi juu ya ngazi.

Mpaka hapo ni kazi ya mkoloni, nakubali. Lakini mwaka 1961 mambo yalikuwa yamegeuka. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyotaka kura ya moja kwa moja nchi nzima. Kamati ya Wild, kamati ya serikali hiyo juu ya uchaguzi, ilikuwa imekwisha kupendekeza hivyo mwaka 1959. Mengo ndiyo iliyokataa.

Binti Kagera

Kaka Mpakani, ahsante kwa uzi. Swali langu: kwa nini wakatae? Mtu akikupa kura unaikataaje?

Mpakani

Dada, swali lako ndilo kiini, na nataka niwatendee haki Mengo kwa sababu hawakuwa wajinga.

Walikuwa na kumbukumbu mbichi. Juni 1953 waziri wa makoloni, Oliver Lyttelton, alitamka London maneno yaliyosikika kama kuna mpango wa shirikisho la Afrika Mashariki. Baganda wakaona kilichotokea Rhodesia, ambako shirikisho lilikuwa linawapa walowezi nguvu, kinakuja kwao. Kabaka akapinga, Lukiiko ikapinga, na tarehe 30 Novemba 1953 Gavana Andrew Cohen akamtia Kabaka kwenye ndege kumpeleka Uingereza. Alirudi Oktoba 1955. Kwa Baganda wengi miaka hiyo miwili ilikuwa msiba. Kuanzia hapo kila chombo kilichowekwa Entebbe au Kampala, juu ya Lukiiko, walikiona ni mtego.

Sasa fuata hesabu yao. Mbunge aliyechaguliwa moja kwa moja na watu ana uwezo wa kusema "mimi nimetumwa na wananchi". Akisema hivyo amekuwa na mamlaka ambayo hayakupitia kwa Kabaka. Wakiwa 21 wa namna hiyo, bunge limekuwa juu ya kiti cha enzi. Lakini mbunge aliyetumwa na Lukiiko ni mjumbe tu. Anakwenda Kampala kama balozi, anasema alichotumwa, na Lukiiko ikimchoka inajua pa kumpata. Kwao kura ya ngazi ilikuwa ukuta wa kulinda ufalme.

Kwa hiyo uchaguzi wa Machi 1961 waliususia. Kabla ya hapo, mwishoni mwa Desemba 1960, Lukiiko ilikuwa hata imetangaza kwamba Buganda inajitenga. Waliojiandikisha kupiga kura Buganda hawakufika hata asilimia 5. DP haikususa, ikagombea, ikachukua viti 20 kati ya 21 vya Buganda kwa kura kiduchu. Nchi nzima UPC ilipata kura nyingi kuliko DP, lakini viti vya Buganda vikampa Kiwanuka serikali.

Mengo hawakumsamehe. Muganda wa kawaida, Mkatoliki, ameketi juu ya serikali ambamo Kabaka ni mtu mmojawapo. Hapo ndipo Kabaka Yekka ilipozaliwa, katikati ya 1961.

Buddu Asilia

Naomba niingie. Upande wa mama kwetu ni Masaka. Suala la dini msilipite haraka. DP ilianza 1954 kwa sababu Wakatoliki waliona milango ya Mengo imefungwa. Vyeo vikubwa vilikuwa vya Waprotestanti tangu vita vya 1892. Mwaka 1955 Matayo Mugwanya, Mkatoliki, aligombea ukatikkiro ndani ya Lukiiko akashindwa na Michael Kintu kwa kura chache sana. Baadaye akashinda kiti cha Lukiiko kutoka Mawokota, Kabaka akakataa kumpokea. Mtu amepanda ngazi zote hizo, amefika juu, mlango umefungwa usoni.

Bibi yetu alikuwa anasema mwaka 1962 ulikuwa mwaka wa kuogopa. Ukionekana DP unaambiwa umemkana Kabaka. Yeye alikuwa anampenda Kabaka na anampenda Kiwanuka, na hakuona kwa nini alazimike kuchagua mmoja. Ndiyo maana mleta uzi aliposema "hakuna aliyemuuliza" nimesimama hapo nikarudia mara mbili.

Mpakani

Buddu Asilia, umeniongezea kitu kikubwa, hasa habari za bibi. Ahsante sana. Bibi yako ndiye mtu ambaye mfumo ule ulimpoteza. Kura ya Februari haikuwa na mahali pa kuandika "Kabaka kwenye enzi yake, Kiwanuka kwenye serikali".

Nimalizie habari ya mapatano. Tume ya Munster ya 1961, iliyoundwa na Waingereza kuangalia uhusiano wa Buganda na serikali kuu, ilitafuta njia ya kati: Lukiiko yenyewe kwanza ichaguliwe na wananchi moja kwa moja, na ikishachaguliwa hivyo basi iruhusiwe, ikipenda, kuwachagua wabunge wa Buganda. Kwenye mkutano wa katiba London, Septemba na Oktoba 1961, Obote na watu wa Mengo walikwenda wakiwa wameshikana. UPC iliunga mkono kura ya kupitia Lukiiko. Kiwanuka alipinga kwa nguvu, na ujumbe wa DP ukatoka nje ya mkutano. Uingereza ilikubali kwa sababu bila Buganda hakukuwa na uhuru wa amani.

Kwa hiyo ukiuliza nani alaumiwe, utakuta kila mkono una doa. Mkoloni aliijenga ngazi, Mengo wakaing'ang'ania, Obote akaipanda. Mimi kwa maoni yangu wa tatu ndiye aliyejua zaidi anachofanya. Obote alikuwa ameshapita pande zote mbili: kwenye Baraza la Kutunga Sheria aliingia kwanza kwa kupelekwa na baraza la wilaya ya Lango, kisha Oktoba 1958 akachaguliwa kwa kura za watu. Alijua tofauti yake.

Pwani Huru

Sikubaliani na lawama kwa kura ya ngazi yenyewe. Angalia Gold Coast (Ghana ya leo) 1951. Viti 38 vilikuwa vya kuchaguliwa kusini, na 33 kati yake ni vya vijijini vilivyopita hatua mbili: watu wanachagua wapiga kura, hao wanachagua mbunge. Ni vitano tu vya miji vilivyokuwa vya moja kwa moja. Chama cha CPP cha Nkrumah kilichukua 34 kati ya 38, na Nkrumah mwenyewe akiwa gerezani James Fort. Chama kikiwa kimejipanga mpaka kijijini, ngazi haikizuii.

Kinyerezi65

Pwani Huru, na Nigeria mwaka huohuo wa 1951? Wagombea walipita kwenye mabaraza ya uchaguzi, wengi bila kutangaza wazi ni wa chama gani. Matokeo yake kanda ya Magharibi vyama vya NCNC na Action Group kila kimoja kikadai kimeshinda, na baraza lilipokaa Januari 1952 watu wakaonekana wamekaa upande ambao wapiga kura hawakuutarajia. Azikiwe, kiongozi wa NCNC, alishinda Lagos, lakini kwa kuwa wabunge wa shirikisho walichaguliwa na baraza la kanda, hakupelekwa. Kiongozi wa kitaifa amezuiwa na kikao.

Na kwa majirani zetu Kenya, katiba ya Lennox-Boyd, waziri wa makoloni wa Uingereza, ya 1958 ilileta wajumbe 12 wa kuchaguliwa na Baraza la Kutunga Sheria lenyewe: Waafrika 4, Waasia 4, Wazungu 4. Mboya, Odinga na wenzao waliochaguliwa na watu waliwapinga hadharani Waafrika waliokubali kugombea kwa njia hiyo. Walijua Mwafrika anayechaguliwa kwenye baraza lenye Wazungu wengi atamwangalia nani usoni.

Mgeni Mtulivu

Na Tanganyika vipi? Si tulikuwa na kura tatu?

Mpakani

Mgeni, kura tatu za 1958 na 1959 zilikuwa za moja kwa moja. Shida yake ilikuwa nyingine: kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. TANU ilibishana juu yake Tabora Januari 1958, ikaamua kuingia, na ikashinda. Hayo yana nyuzi zake humu, tusiyafungue hapa.

Pwani Huru, mfano wako ni wa kweli na nimeupenda. Lakini tazama tofauti. Gold Coast, yule aliyechaguliwa hatua ya kwanza alikuwa na kazi moja tu, kumchagua mbunge, na mwananchi alijua anamtuma kwa hilo. Buganda, mjumbe wa Lukiiko alichaguliwa kulinda ufalme, kuamua mambo ya ardhi, na juu ya hayo yote kuchagua bunge la nchi. Kura moja ilibebeshwa mizigo mitatu, na mzigo wa Kabaka ulikuwa mzito kiasi cha kuifunika mingine.

Tena kuna hesabu nyingine. Wale DP watatu waliopenya Lukiiko walitoka kwenye kaunti zilizopotea, Buyaga na Bugangaizi. Hayo ni maeneo ya Bunyoro ambayo Waingereza waliipa Buganda mwishoni mwa karne ya 19 kama zawadi ya vita. Wenyeji wa huko ni Banyoro na hawakutaka kuwa chini ya Mengo. Walipata kura Februari, wakaitumia kuwakataa watu wa Kabaka Yekka. Kisha Lukiiko ikakaa, watatu dhidi ya 65, na wabunge wote 21 wakatoka upande mmoja. Munyoro wa Buyaga akawakilishwa bungeni na mtu aliyechaguliwa na baraza lilelile alilokuwa analikimbia. Sauti yake haikupungua tu, iligeuzwa ikahesabiwa upande wa pili.

Katika yote niliyoyasoma juu ya uchaguzi ule, hilo ndilo ninaloliona baya kuliko yote.

Buddu Asilia

Na ndilo lililovunja ndoa ya Obote na Kabaka.

Mpakani

Kabisa. Katiba ya uhuru iliahidi kura ya maoni juu ya kaunti zile. Mutesa alikuwa amekuwa Rais wa Uganda tangu Oktoba 1963, na akawahamishia askari wa zamani wa Kiganda huko Ndaiga ili wabadili hesabu, lakini kura ikaamuliwa ipigwe na waliokuwa kwenye daftari la 1962. Tarehe 4 Novemba 1964 watu wa Buyaga na Bugangaizi wakaulizwa wenyewe, uso kwa uso, wanataka kuwa wapi. Wakajibu kwa wingi mkubwa: Bunyoro. Muungano wa UPC na Kabaka Yekka ulikuwa umekwisha kuvunjika miezi michache kabla, maana wabunge waliohamia UPC walikuwa wengi na Obote hakuwahitaji tena Mengo.

Wale wabunge 21 waliodhaniwa ni mabalozi wa Kabaka hawakubaki mabalozi. Baadhi walihama chama mmoja baada ya mwingine. Ukuta ule ulikuwa na mlango kwa ndani.

Februari 1966 Obote akawakamata mawaziri watano na kuisimamisha katiba. Katiba ya Aprili 1966 ikaifutia Buganda haki zake za pekee, na haki ya kuchagua wabunge kupitia Lukiiko ikiwamo. Mei Lukiiko ikaitaka serikali kuu iondoke kwenye ardhi ya Buganda. Tarehe 24 Mei jeshi likashambulia ikulu ya Kabaka Mengo, Mutesa akatoroka, akafia London Novemba 1969.

Pwani Huru

Mkuu nimekuelewa kwenye hoja ya mizigo mitatu, naondoa nusu ya pingamizi langu. Nusu inabaki: Museveni naye mwaka 1989 alitumia kura za ngazi kupitia mabaraza ya RC (Resistance Councils, mabaraza ya wananchi kuanzia kijijini), watu wanapanga mstari nyuma ya mgombea kijijini, halafu mabaraza yanachagua juu. Wapo wazee wa Uganda wanaosema ilikuwa afadhali kuliko vurugu za vyama.

Mpakani

Wapo, nami nimewasikia. Mwaka 1989 nchi ilikuwa imetoka vitani na vijiji vilikuwa havijawahi kushikilia chochote. Lakini hata hapo ukipanda ngazi mbili tatu unakuta wenye kujuana wamebaki peke yao. Hiyo tuiache iwe uzi wako, utuandikie, nitakuja kuchangia.

Binti Kagera

Kaka, mmemsahau Kiwanuka. Aliishia wapi?

Mpakani

Dada, Kiwanuka alikuwa waziri mkuu mpaka matokeo ya Aprili 1962, kisha hakuwa hata mbunge. Yeye ni wa Buganda, na kiti cha Buganda kilitolewa na Lukiiko. Upinzani bungeni ukaongozwa na Basil Bataringaya, ambaye mwishoni mwa 1964 naye akahamia UPC. Kiwanuka alifungwa wakati wa Obote, Amin akamtoa 1971 na kumfanya Jaji Mkuu. Septemba 1972 askari walimchukua kutoka mahakamani Kampala, hakuonekana tena.

Na uchaguzi mkuu mwingine haukufanyika Uganda mpaka Desemba 1980. Muganda aliyekuwa na miaka 21 mwaka 1961, akatii wito wa Mengo asijiandikishe, alimchagua mbunge wake kwenye uchaguzi mkuu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 40.